Si Kila Iliyozimika Imekufa

(Hotuba iliyotolewa bwaloni na mmoja wa wanachama, katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, kabla ya kujadiliwa hoja ya kuuza kompyuta za shule.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wapendwa, kaka zetu mliotutangulia, wenzangu wa rika langu, na ninyi wadogo zetu mnaokalia leo mabenchi tuliyoyakalia sisi:

Kwanza kabisa naishukuru Halmashauri ya Chama kwa kunipa dakika hizi. Nafahamu kwamba pilau iko jikoni na harufu yake imekwisha kufika hapa. Mzungumzaji anayesimama kati ya watu na chakula chao hana budi awe na neno la maana, au awe na mbio. Nitajitahidi kuwa na vyote viwili.

Katika ajenda yetu ya leo, kifungu cha sita, tunaombwa kuidhinisha mambo mawili. La kwanza, kompyuta 22 zilizomo katika stoo ya maabara ziuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. La pili, kila mwanachama atoe mchango ili zinunuliwe nyingine. Nimesimama kuomba kwamba jambo la kwanza lisipite kama lilivyo, na la pili lipunguzwe. Sisemi hivyo kwa kuwadharau ndugu zetu walioitayarisha hoja hii. Wao walitazama karatasi iliyobandikwa juu ya kila kasha, na kila karatasi imeandikwa neno moja kwa wino mwekundu: MBOVU. Mtu akilisoma neno hilo mara ishirini na mbili, ataacha vipi kuliamini?

Lakini mimi nimeifanya kazi ya kutengeneza mashine hizi kwa miaka mingi, na swali la kwanza la fundi huwa ni moja tu: mbovu wapi? Basi, kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule, nilifika hapa siku ya Jumatano, nikaomba vijana sita wa Kidato cha Tatu, tukafungua stoo, kisha tukafungua makasha yote. Nitawaeleza tuliyoyakuta. Ila kwanza niwaeleze kazi ya kifaa kimoja, kwa sababu bila kukifahamu hicho, habari yenyewe haitaeleweka.

JOTO LATOKA WAPI

Ndani ya kasha la kompyuta mna bodi kuu, ambayo mafundi wengi huiita mazabodi. Juu ya bodi hiyo mna soketi, na ndani ya soketi hukaa prosesa. Hiyo ndiyo inayofanya hesabu zote. Mashine zetu zile zina prosesa ya Intel Core i5-6500, aina iliyotoka mwaka 2015. Kiwanda chenyewe kimeikadiria kuwa ni ya wati 65, na umeme huo wote ukishafanya kazi yake hugeuka kuwa joto. Haupotei hata kidogo, kama walimu wetu wa fizikia walivyotufundisha.

Mzee mmoja hapa atasema, wati 65 ni nini? Si sawa na balbu ya zamani ya sebuleni? Ni kweli. Lakini tuwaachie vijana wa Kidato cha Tatu wafanye hesabu. Prosesa hiyo hutumia umeme wa volti kama 1.2, yaani chini ya jiwe moja la tochi, ambalo ni volti 1.5. Gawa 65 kwa 1.2. Utapata ampea 54. Tena joto lake hutokea juu, kwenye kifuniko cha chuma chenye ukubwa wa yapata sentimeta 3 kwa 3, yaani sentimeta 9 za mraba. Gawa tena 65 kwa 9: utapata zaidi ya wati 7 kwa kila sentimeta ya mraba.

Sasa ichukueni pasi ya umeme ya wati 1,000, ambayo uso wake ni yapata sentimeta 200 za mraba. Hiyo ni wati 5 kwa kila sentimeta. Maana yake ni kwamba kale kabati kadogo, kikifanya kazi kwa nguvu zake zote, kila sentimeta yake hutoa joto kuliko pasi tunayonyoshea mashati. Na pasi ilitengenezwa ili iwe ya moto. Prosesa haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Prosesa ya kwanza kuuzwa na Intel, ile 4004 ya mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300, na haikuhitaji feni yoyote. Pentium ya mwaka 1993 ilikuwa nazo zaidi ya milioni 3, na tangu miaka ile imekuwa ni desturi kuweka kipozaji juu ya prosesa.

Kipozaji ni nini basi? Wale wa rika langu mnaikumbuka jenereta yetu ya dizeli ya miaka ya 1980, na lile pipa la maji lililosimama kando yake. Mzee wetu wa mashine hakukubali kuiwasha kabla hajachungulia ndani ya pipa, hata kama bweni zima lilikuwa gizani likipiga kelele. Alijua kwamba injini bila maji ni chuma cha kuyeyuka. Kipozaji cha prosesa ndilo pipa lile kwa sura nyingine. Ni bonge la alumini lililochongwa mapezi mengi membamba, na juu yake imefungwa feni. Bonge hulipokea joto kutoka kwenye prosesa, mapezi hulitandaza, na feni huleta hewa ya kulichukua.

Hapa naomba vijana mtie alama kwenye daftari zenu. Feni haiipoozi prosesa. Feni huyapooza mapezi tu. Kama bonge halikugusana vema na prosesa, feni inaweza kuzunguka hadi Krismasi, na prosesa itaendelea kuungulia chini yake. Watu wengi huona feni inazunguka wakasema, “Upande wa joto hakuna tatizo.” Hilo ndilo kosa lililotujazia stoo yetu.

Je, joto likizidi hutokea nini? Watengenezaji walilifikiria jambo hilo. Prosesa ina kipimajoto chake mwenyewe ndani. Joto likikaribia nyuzi 100, hujipunguzia mwendo, na mtumiaji huona mashine imekuwa nzito kama mkokoteni wenye tairi bovu. Likizidi kupanda, mashine hujizima yenyewe. Ndugu zangu, kujizima huko siyo kufa. Ni kujiokoa.

TULIYOYAKUTA STOO

Sasa nawapa hesabu yenyewe. Kati ya mashine 22, tano zimekufa kweli: bodi zake zimeungua, na mimi sina dawa yake. Nne zina pawasaplai mbovu, kifaa kinachobadilishwa kwa skrubu nne, na prosesa zake ni nzima. Zilizobaki ni 13. Katika hizo 13 hapakuwa na kifaa chochote cha maana kilichokufa. Zilikuwa zinawaka, zinafanya kazi dakika tatu au nne, kisha zinazimika. Zilikuwa zinajiokoa.

Tulipochungulia ndani tuliona sababu. Saba kati yake zilikuwa na kipozaji kilichochomoka mguu mmoja au miwili. Mashine hizi zililetwa kwa lori, na barabara ya kuja hapa mnaijua wote. Kipozaji ni bonge la chuma linaloshikwa na miguu minne ya plastiki, na lori likirukaruka, mguu uliofungwa kwa haraka hufyatuka. Nne nyingine, mapezi yake yalikuwa yamezibwa na vumbi la kiangazi, limeshikamana kama blanketi, na pesti iliyokuwa chini ya kipozaji imekauka kama chokaa. Mbili za mwisho, waya wa feni haukuchomekwa mahali pake.

Fundi aliyeandika MBOVU simjui wala sitafuti kumjua. Nadhani aliwasha, akasubiri, zikazimika, akaandika. Alikuwa na mashine 22 na siku moja. Nisemalo ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizo 13 iliyohitaji kifaa kipya. Zilihitaji bisibisi, kitambaa, pesti, na mtu asiye na haraka.

NAMNA YA KUFUNGA KIPOZAJI

Ndugu Mwenyekiti, sipendi mkutano huu uniamini kwa maneno matupu. Nitaeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, jinsi vijana wale sita walivyoifanya kwa mikono yao, ili kila mmoja wenu apime mwenyewe kama ni kazi ya kuwashinda watoto wetu.

Kwanza, chomoa waya wa umeme ukutani. Usizime tu: chomoa. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki ndani uishe. Kabla ya kugusa chochote, shika chuma cha kasha kisichopakwa rangi, ili umeme tuli wa mwilini mwako uondoke. Cheche usiyoihisi hata kidoleni inatosha kuua kifaa.

Pili, fungua kipozaji cha zamani. Juu ya kila mguu kuna kishikio cheusi chenye mshale. Mshale huo unaonyesha njia ya kufungulia, siyo ya kufungia, na hapo ndipo wengi hupotea. Zungusha vishikio vyote vinne kufuata mshale, vivute juu, chomoa waya wa feni, kisha lizungushe bonge kidogo huku na huku kabla ya kuliinua, ili pesti iliyokauka iachie. Usivute kwa nguvu. Na wale wenye mashine za AMD zenye soketi ya AM4 nyumbani wawe waangalifu zaidi: prosesa zile zina vipini chini yake, na zinaweza kung'oka pamoja na kipozaji. Ziwashe kwanza dakika chache pesti ilainike, ndipo uzime na kufungua.

Tatu, safisha. Futa pesti ya zamani juu ya prosesa na chini ya kipozaji kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholowekwa kidogo alkoholi ya isopropili. Piga mapezi brashi laini hadi uone mwanga ukipita katikati yake, na unapopuliza vumbi ishike feni isizunguke. Lakini prosesa yenyewe usiitoe. Kile kiwiko cha chuma kinachoishikilia msikiguse. Chini yake kuna vidole vidogo 1,151 vyembamba kama nywele, na kidole kimoja kikipinda, bodi nzima inaweza kupotea. Vijana wale niliwapa sheria moja tu isiyo na mjadala, nayo ilikuwa ni hiyo. Hawakuivunja.

Nne, weka pesti. Hapa naomba mnisikilize vema, kwa sababu hili ndilo jambo linalokosewa kuliko yote. Pesti siyo gundi. Haiweki kitu mahali pake. Kazi yake ni kujaza vinyweleo vya chuma. Ukitazama uso wa prosesa na uso wa kipozaji, vyote vinang'aa na kuonekana tambarare, lakini kwa kweli vina vilima na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho. Vikikutanishwa vikavu, hewa hubaki kwenye mabonde. Na hewa iliyotulia ni mpitishaji mbaya wa joto, ndiyo sababu blanketi linatufaa wakati wa kipupwe. Alumini hupitisha joto mara elfu kadhaa kuliko hewa hiyo.

Pesti ni bora sana kuliko hewa, lakini ni duni sana kuliko chuma. Likumbukeni hilo, na kipimo chake kitajieleza chenyewe. Tunataka chuma kiguse chuma, na pesti ijaze pale tu chuma kisipofikia. Ukiipaka nene kama siagi kwenye mkate, umeweka ukuta kati ya vitu viwili vinavyotafutana. Weka tone moja katikati, kubwa kama punje ya choroko, basi. Mgandamizo wa kipozaji utaitandaza. Kama kipozaji ni kipya, kitazame chini kwanza. Vingine huja na pesti yake, usiongeze nyingine. Vingine huja na karatasi laini ya plastiki ya kuukinga uso, na usipoibandua umefanya kazi bure.

Tano, funga. Rudisha vishikio vyote kinyume cha mshale hadi mwisho. Weka miguu minne juu ya matundu manne, hakikisha kila mguu umelenga tundu lake, na waya wa feni unaelekea upande wa plagi yake. Sasa bonyeza kwa dole gumba mguu mmoja hadi ulie “tak”, kisha ule wa pembe iliyo mkabala nao, halafu miwili iliyobaki. Usifuate mzunguko wa saa. Nenda kwa mshazari. Ukibonyeza upande mmoja wote kwanza, bonge litalala kama meza yenye mguu mfupi, na upande wa pili utabaki umeinuka.

Mama zetu wanaijua habari hii bila kusoma fizikia. Chapati ikiinuka kwenye chuma, pale palipoinuka hubaki peupe na pabichi, hata kama moto chini ni mkali. Ndiyo maana mpishi huibonyeza kwa kitambaa huku akiizungusha. Kipozaji nacho hakitaki nguvu nyingi. Kinataka kugusa kote, na kugusa sawasawa. Hata kile cha skrubu nne ni vivyo hivyo: kaza mizunguko miwili hapa, miwili pembe ya mkabala, kisha rudi, kidogo kidogo, kama mnavyokaza nati za tairi la lori.

Sita, hakikisha. Geuza bodi au chungulia nyuma kupitia uwazi wa kasha, uone ncha za miguu yote minne zimetokeza kwa kimo kimoja. Jaribu kulitikisa bonge kwa vidole viwili: lisicheze. Chomeka waya wa feni palipoandikwa CPU_FAN, siyo penginepo, maana bodi huisoma feni hiyo na kuipandisha au kuipunguza kasi kwa kadiri ya joto. Ndipo uwashe, uingie kwenye bayosi, usome joto kwa dakika kumi. Likipanda likatulia, kazi imekwisha. Likipanda bila kutulia, zima urudie hatua ya tano.

Sisi tulisoma joto la mashine zote 13. Zilitulia kati ya nyuzi 45 na 52, na chumba kilikuwa na nyuzi 31. Tumetumia tyubu mbili za pesti za gramu 4 kila moja. Mashine hizo zimewashwa tangu jana asubuhi, ziko maabara, na mkitoka hapa mnaweza kwenda kuzitazama kabla ya chakula au baada yake. Mimi nashauri baada yake.

Neno jingine juu ya chumba chenyewe. Kipozaji hakiwezi kuipooza prosesa ikawa baridi kuliko hewa ya chumbani. Kama paa la bati halina dari na saa nane mchana chumba kina nyuzi 35, basi safari ya joto inaanzia hapo. Kwa hiyo mashine zisisukumwe hadi ukutani, madirisha ya pande zote mbili yafunguliwe, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, siyo kwa ufagio unaolirusha hewani likarudi kwenye mapezi.

YANAYOWEZA KUPINGWA

Natambua kwamba yapo maneno ya kunipinga, na yana haki ya kusikiwa.

Wapo watakaosema mashine hizi zimepitwa na wakati. Ni kweli kwamba Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 mwezi Oktoba 2025, na prosesa hii haimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11. Lakini ipo mifumo ya Linux inayotolewa bure, nayo huendeshwa vema na mashine za namna hii. Kijana anayejifunza kuandika, kupiga hesabu katika majedwali na kutunga programu zake za kwanza hahitaji mashine ya mwaka huu. Anahitaji mashine inayowaka, na zamu yake ifike.

Juu ya zamu hiyo, nitawaambia jambo moja. Mmoja wa vijana wale sita alikuwa anaandika upesi ajabu tulipomkalisha mbele ya kibodi. Nikamwuliza amejifunzia wapi. Akanionyesha daftari. Ameichora kibodi nzima kwenye kurasa mbili, kila herufi mahali pake, na kwa mwaka mzima amekuwa akipiga vidole juu ya karatasi baada ya masomo ya usiku. Maabara ina mashine tatu zinazofanya kazi, na darasa lake ni la wanafunzi 44. Ukuta wa stoo yenye mashine 22 uko hatua kumi kutoka kwenye dawati lake. Sikujua nimjibu nini, nami nimekuja kuwauliza ninyi.

Wapo watakaosema watoto wataziharibu. Inawezekana mmoja akaharibu moja. Lakini shule hii ilitupa sisi majembe, misumeno na tindikali za maabara tukiwa na umri huo huo, na wapo hapa leo madaktari na wahandisi walioanzia pale. Atakayefungua akiwa na mwalimu kando yake ataharibu kidogo. Asiyeruhusiwa kufungua kamwe atakuja kuandika MBOVU kwa wino mwekundu.

Na wapo watakaosema fedha za vyuma chakavu zinatusubiri. Ndugu zangu, mnunuzi wa vyuma hupima kilo. Haulizi kilichomo. Atatupa bei ya bati kwa mashine 13 zilizo hai, kisha tuchangishane bei ya mashine 22 mpya. Na hizo mpya nazo zitakuja kwa lori lile lile, kwa barabara ile ile, zikae katika vumbi lile lile. Kama hakuna kijana hata mmoja hapa anayejua kutazama miguu minne ya kipozaji, baada ya miaka michache tutakutana tena hapa bwaloni kujadili kifungu cha sita.

NINAYOYAOMBA

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu uamue yafuatayo.

Mosi, uuzaji wa kompyuta zote 22 usimamishwe leo.

Pili, mchango wa mwaka huu ununue kwanza pawasaplai nne, pesti, alkoholi, brashi na bisibisi. Kwa hesabu hiyo maabara itakuwa na mashine 17 kutoka stoo, pamoja na tatu za sasa, jumla 20. Fedha zitakazobaki zinunue mashine mpya chache, na dari ya chumba.

Tatu, ile mitano iliyokufa isiuzwe bado. Iwe mashine ya kujifunzia, ambayo kijana anaweza kufungua na kufunga kipozaji mara ishirini bila mtu kushika roho. Ikichakaa kabisa apewe mnunuzi anayejua kutunza taka za umeme, isitupwe shimoni nyuma ya jiko.

Nne, vijana sita wa Kidato cha Tatu wawafundishe sita wa Kidato cha Pili kabla ya kufunga muhula, na hao wawafundishe wengine mwaka ujao. Kila mwisho wa muhula mashine zote zifunguliwe, zipigwe brashi, na miguu yote ikaguliwe. Mimi najitolea kuja mara moja kila mwaka kwa nauli yangu. Wenzangu wenye ujuzi wa umeme, waya na programu najua mpo humu ndani, na majina yenu nimekwisha kumpa Katibu bila kuwauliza.

Kwenu wadogo zetu nasema hivi. Mkipewa kitu kilichoandikwa kwamba kimekufa, kiulizeni wapi. Kifungueni kwa utaratibu, mkijua kwa nini kila sehemu iko mahali pake. Mkikuta kweli kimekufa, semeni kimekufa, kama tulivyosema sisi kwa ile mitano. Lakini msikubali neno la karatasi kabla hamjatazama ndani.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza, na pilau bado ya moto. Naomba kutoa hoja.